Kupima mfumo wa mwelekeo wa setilaiti ndogo ukiwa bado mezani: mwongozo kamili wa programu za majaribio

Mei 1999 setilaiti ya TERRIERS ya Chuo Kikuu cha Boston ilifika kwenye obiti yake bila tatizo. Roketi ilifanya kazi, redio ikaitikia. Ila ndani ya mfumo wa kudhibiti mwelekeo alama moja ya hesabu ilikuwa kinyume. Setilaiti ikashindwa kuelekeza paneli zake kwenye Jua, betri zikaisha na kazi ikaishia hapo. Kosa la aina hiyo hugunduliwa kwa dira ya mkononi na subira ya asubuhi moja.

Mwongozo huu unahusu programu zinazotumika ardhini kulinasa kosa kama hilo: kiigizi kinachounda anga bandia ndani ya kompyuta, na msimbo unaoiunganisha anga hiyo na setilaiti iliyo mezani. Niseme msimamo wangu mapema. Maabara nyingi hukimbilia vifaa vinavyopendeza wageni, wakati setilaiti ndogo huuawa na alama za chanya na hasi, vizio vya vipimo na saa. Ndiyo maana hivyo vitatu vimetangulia humu, na beringi ya hewa imewekwa karibu na mwisho.

Nimewafikiria zaidi wanafunzi na wahandisi wa kwetu. Kenya ilipeleka 1KUNS-PF mwaka 2018 na Taifa-1 mwaka 2023, Rwanda ikapeleka RWASAT-1 mwaka 2019, Uganda PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Zote zilijengwa pamoja na washirika wa nje. Kadiri kazi inavyohamia nyumbani, kuna mtu Nairobi, Kigali au Dodoma atakayeandika programu ya mwelekeo kwa mkono wake mwenyewe, na huyo ndiye ninayezungumza naye.

Mfano nitakaoutumia ni setilaiti ya 3U: sentimita 10 kwa 10 kwa 30, kilo 4, obiti ya duara kilomita 500 juu. Ina fimbo tatu za sumaku zinazowashwa kwa umeme, zenye momenti (ukubwa wa usumaku) ya 0.2 A·m² kila moja, magurudumu matatu ya kugeuzia (gurudumu likiongeza kasi upande mmoja, mwili hugeuka upande wa pili), kipimasumaku, jairo (vipima kasi ya kuzunguka) za bei nafuu, na vihisi jua kwenye kila uso.

Hatua ya 1: Karatasi ya makubaliano

Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, andikeni karatasi moja inayosema mhimili upi ni upi na kila namba ina maana gani. Mhimili wa X unatokea uso gani? Kwatenioni (namba nne zinazoeleza mwelekeo) inaanza na namba halisi au inaishia nayo? Inageuza vekta kutoka fremu ya nyota (mihimili isiyozunguka na Dunia) kwenda fremu ya setilaiti, au kinyume chake? Sumaku inaandikwa kwa tesla, nanotesla au gauss? (Gauss 1 ni mikrotesla 100, na karatasi za maelezo za vipimasumaku huchanganya vizio hivi bila aibu.) Gurudumu likiamriwa nguvu chanya, hiyo nguvu ni ya gurudumu au ya mwili wa setilaiti? Hizo mbili zina alama zinazopingana, na swali hili pekee limeshagombanisha timu nyingi.

Maneno hayatoshi, wekeni mfano wenye namba. Setilaiti imezungushwa digrii 90 kuzunguka Z, kwa kanuni ya mkono wa kulia. Vekta inayoelekea X kwenye fremu ya nyota, ikisomwa na setilaiti, inatakiwa kuwa (0, −1, 0). Kila kipande cha msimbo kinachogusa mwelekeo, cha kiigizi na cha setilaiti, lazima kitoe jibu hilo. Kikitoa (0, 1, 0) mmeshapata kosa la kwanza, na hamjatumia hata shilingi.

Hatua ya 2: Modeli ya ukweli

Modeli ya ukweli ni programu inayojua setilaiti iko wapi hasa, imeelekea wapi, na inazunguka kwa kasi gani. Programu ya setilaiti haijui hayo, inayakisia kutokana na vihisi vyake. Tofauti kati ya ukweli na makisio ndiyo unayoipima.

Huna haja ya kuanza na ukurasa mtupu. Kiigizi kiitwacho 42 kilitoka kituo cha Goddard cha NASA. Kimeandikwa kwa lugha ya C, ni cha bure, na kinapokea maelezo ya setilaiti kwa mafaili ya maandishi ya kawaida. Basilisk, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, kina kiini cha C na C++ lakini unakiendesha kwa Python, hivyo wanafunzi hukizoea haraka. Tahadhari: Basilisk kinaeleza mwelekeo kwa vigezo vya Rodrigues vilivyoboreshwa badala ya kwatenioni, kwa hiyo ubadilishaji utakaoandika nao unaingia kwenye mtihani wa hatua ya 1. NOS3 ya NASA inaunganisha 42 na programu ya setilaiti ya cFS pamoja na vifaa bandia, na ilitumika kuandaa setilaiti ya STF-1 iliyorushwa Desemba 2018. NOS3 ni nzito kwa kuanzia. Ichukueni mkishajua mnatafuta nini.

Ushauri wangu ni kuandika kiigizi chenu kidogo kwa Python kwanza, kisha kukitumia 42 kama shahidi wa pili. Mtu aliyeandika milinganyo ya Euler ya mwili unaozunguka kwa mkono wake anaelewa grafu ikienda mrama, na aliyepakua tu hubaki akiikodolea macho.

Sheria moja hapa haina msamaha: modeli ya ukweli isishirikiane msimbo na programu ya setilaiti. Mkitumia kipengele kilekile cha kukokotoa sumaku ya Dunia pande zote mbili, kosa lake litakuwa pande zote mbili, na majaribio yatapita kwa alama za juu. Afadhali upande mmoja uandikwe na mtu mwingine, kwa lugha nyingine.

Sasa ipime modeli yenyewe. Zima nguvu zote za nje, iachie setilaiti ijizungukie kwa saa moja ya anga. Momenta ya kuzunguka, ikisomwa kwenye fremu ya nyota, isibadilike, na nishati isibadilike. Ikipungua polepole, hatua yako ya muda ni kubwa mno. Kisha washa mvutano wa Dunia peke yake. Kwa 3U yetu inersia (ugumu wa kuuzungusha mwili) ni takriban 0.0067 kg·m² kuzunguka mhimili mrefu na 0.0333 kwa mihimili miwili mingine. Ukiisimamisha wima, ncha ndefu ikitazama Dunia, kisha ukaiinamisha kidogo kuelekea mbele, itapembea. Hesabu ya karatasi inasema kipindi cha kupembea ni kipindi cha obiti kugawanywa kwa mzizi wa 3 × 0.8, yaani dakika 94.6 kwa 1.55, sawa na dakika 61. Kiigizi kikitoa dakika 61, mvutano, inersia na obiti vimeshuhudiana. Kikitoa 47 au 80, usisonge mbele.

Nguvu za nje ziingie kwa ukubwa wake halisi. Mvutano wa Dunia kwenye 3U yetu hauvuki sana 5 × 10⁻⁸ N·m. Sumaku iliyobaki ndani ya setilaiti, kwenye betri, skrubu na nyaya, hata ikiwa 0.01 A·m² tu, inatoa takriban 4 × 10⁻⁷ N·m, mara nane zaidi. Wanafunzi wengi huandika modeli nzuri sana ya mvutano na kuisahau sumaku hii. ESTCube-1 ya Estonia, iliyorushwa mwaka 2013, ilipata shida ya kudhibiti mwelekeo kwa sababu ya vyuma vyenye usumaku ndani yake: mwili wa setilaiti ulitaka kujipanga na sumaku ya Dunia kama sindano ya dira.

Kwa sumaku ya Dunia tumia modeli ya IGRF, ambayo vigezo vyake husasishwa kila miaka mitano. Jibu lake hutolewa kwa kaskazini, mashariki na chini ya mahali ulipo, si kwa fremu ya nyota. Mageuzi kutoka hapo ni mawili: kwanza kwenda fremu ya Dunia, kisha fremu ya nyota kwa kutumia saa. Na ukitumia SGP4, kanuni ya kukokotoa obiti, kupata mahali setilaiti ilipo, kumbuka jibu lake liko kwenye fremu yake maalumu ya TEME. Kuichukua kama J2000, fremu ya nyota ya kawaida, moja kwa moja ni kosa dogo linalojificha vizuri.

Hatua ya 3: Vihisi vyenye kasoro

Kihisi safi ndani ya kiigizi hudanganya. Kila kihisi kiongezewe kelele, mkengeuko wa kudumu unaohama taratibu, kupindishwa kwa digrii moja au mbili kutoka mahali pake, ucheleweshaji, na namba za mwisho zinazokatwa na kigeuzi cha analogi kwenda dijiti. Vihisi jua vya bei rahisi viongezewe pia mwanga unaorudishwa na Dunia. Mawingu meupe yanaweza kukisogeza kihisi hicho digrii nyingi, na setilaiti ikaamini Jua liko upande mwingine.

Kipimasumaku kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kinaishi nyumba moja na fimbo za sumaku. Fimbo ya 0.2 A·m² ikiwashwa, umbali wa sentimita 5 kwenye mstari wake inatoa takriban µT 320. Sumaku ya Dunia huko juu ni µT 20 hadi 50. Kwa maneno mengine, ukisoma kihisi wakati fimbo inafanya kazi, unajisikiliza mwenyewe. Programu ya setilaiti inatakiwa kuzima fimbo, kusubiri sumaku ife, kusoma, kisha kuwasha tena. Kiigizi nacho lazima kiige uchafuzi huo kwa uaminifu. Kisipouiga, hutajua kama zamu hizo zinafuatwa.

Hatua ya 4: Programu ya setilaiti kitanzini

Sasa chukua msimbo uleule utakaoruka, uukusanye kwa ajili ya kompyuta ya kawaida, uulishe data ya vihisi bandia, na urudishe amri zake kwenye modeli ya ukweli. Nasema uleule. Si nakala iliyopunguzwa, wala tafsiri yake ya Python.

Anza na kutuliza mzunguko. Kanuni inayojulikana kama B-dot ni fupi:

m = −k · dB/dt

Hapa m ni momenti ya fimbo, B ni sumaku inayosomwa, k ni namba chanya unayoichagua. Yaani fimbo ziwashwe kupinga mabadiliko ya sumaku inayosomwa. Ni fupi, lakini ina mitego miwili inayoonekana tu ukiweka namba.

Mtego wa kwanza uko chini. Setilaiti ikizunguka digrii 1 kwa sekunde ndani ya µT 30, sumaku inayosomwa inabadilika takriban µT 0.5 kwa sekunde. Kipimasumaku chenye kelele ya µT 0.1, ukitoa usomaji mmoja kwa mwingine kila sekunde, kina kelele ya µT 0.14 kwa sekunde. Kwa hiyo chini ya robo ya digrii kwa sekunde unafukuza kelele. Hapo ndipo programu ibadilishe hali, na kiwango cha kubadilisha kitoke kwenye hesabu hii badala ya kubahatishwa.

Mtego wa pili uko juu. Kusoma, kukokotoa na kuwasha fimbo kunachukua muda. Tuseme jumla ya ucheleweshaji ni sekunde 1. Setilaiti ikizunguka digrii 90 kwa sekunde, amri inafika robo mzunguko ikiwa imechelewa, na nguvu ya kutuliza inakuwa sifuri. Ikizidi hapo, kanuni ileile iliyoandikwa kutuliza inaanza kuongeza kasi. Utasema kisanduku cha kurushia hakitupi setilaiti kwa kasi hiyo, nami nakubali, ila kosa jingine linaweza kuifikisha huko na ungependa iweze kurudi. Endesha kiigizi kwa digrii 5, 10, 30, 60 na 100 kwa sekunde, uone ukuta wako uko wapi.

Muda wa kutulia nao uwe na akili. 3U yetu ikianza na digrii 10 kwa sekunde ina momenta ya takriban 0.0058 N·m·s. Fimbo ya 0.2 A·m² kwenye µT 30 inatoa nguvu ya kuzungusha ya 6 × 10⁻⁶ N·m tu. Hata ingefanya kazi bila kupumzika na kwa pembe kamili, ingehitaji sekunde zipatazo 970. Kiigizi kikionyesha setilaiti imetulia kwa dakika tano, kuna kizio kimekosewa mahali.

Baada ya hapo endesha majaribio mengi ya kubahatisha, yale ya Monte Carlo. Badilisha inersia, kasi ya kuanzia, sumaku iliyobaki, kupinda kwa vihisi, saa ya kurushwa, kivuli cha Dunia. Hifadhi mbegu ya namba nasibu ya kila jaribio, maana jaribio lililoshindwa usiloweza kulirudia halikusaidii kitu. Majaribio mangapi? Ukiendesha 300 bila hata moja kushindwa, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba uwezekano wa kushindwa hauzidi takriban asilimia 1, ilimradi modeli yako ni ya kweli. Majaribio 20 ni ya kujifariji.

Yawekeni yajiendeshe yenyewe kila mtu anapobadilisha msimbo. Kompyuta ya zamani iliyo kwenye kona ya maabara inatosha kabisa kwa kazi hiyo usiku.

Hatua ya 5: Prosesa halisi

Hamisha programu kwenye kompyuta ya setilaiti yenyewe, au pacha wake, na uiunganishe na kiigizi kwa waya wa siriali. Kiigizi sasa kinatakiwa kwenda kwa mwendo wa saa halisi. Hapa unatafuta vitu ambavyo kompyuta kubwa huvificha: hesabu za namba za biti 32 zinazopoteza usahihi, kumbukumbu inayojaa baada ya saa kadhaa, kazi ya redio inayoichelewesha kazi ya mwelekeo. Weka muhuri wa saa kwenye kila ujumbe unaoingia na kutoka, kisha chora grafu ya ucheleweshaji. Wastani usikupumbaze, tazama mkia wa grafu. Iache iende siku kadhaa bila kuguswa, ikijumuisha kuzimwa ghafla na kuwashwa katikati ya kivuli.

Hatua ya 6: Alama, kwenye vifaa vyenyewe

Kama bajeti na muda vinatosha kwa hatua moja tu ya vifaa, iwe hii. Inahitaji setilaiti iliyofungwa kamili, si vipande, kwa sababu alama hugeuka pale mtu anapochomeka plagi au kugeuza kadi. Skrini ya telemetria (data inayotumwa na setilaiti) iwe wazi, mtu mmoja asome, mwingine aguse.

Kipimasumaku. Toka nje, mbali na magari, lifti na zege lenye nondo. Elekeza X kaskazini, na X itoe namba chanya iliyo kubwa kuliko pande zote. Halafu geuza Z juu. Hapa vitabu vya Ulaya vitakupoteza: kule sumaku inaelekea chini ardhini, lakini Nairobi, Kigali na Dar es Salaam ziko kusini mwa ikweta ya sumaku, na hapa sehemu yake ya wima inaelekea juu. Kwa hiyo Z ikitazama angani inasoma chanya. Ukubwa wote Nairobi ni takriban µT 33 hadi 34. Linganisha na IGRF ya mahali ulipo kabla ya kumlaumu mtengenezaji wa kihisi.

Jairo. Zungusha setilaiti kwa mkono kinyume cha saa, ukiitazama kutoka upande wa Z chanya. Kasi ya Z iwe chanya. Rudia kwa X na Y.

Vihisi jua. Mulika uso mmoja mmoja kwa tochi, na telemetria itaje uso huohuo. Tochi haitoshi kwa usahihi, lakini inatosha kukuambia kwamba waya wa uso wa tatu umeingia tundu la nne.

Fimbo za sumaku. Iamuru X chanya, uweke dira mbele ya uso wa X chanya. Ncha ya kaskazini ya sindano itazame mbali na setilaiti. Ihamishie nyuma, kwenye uso wa X hasi, na ncha hiyohiyo itazame kuelekea setilaiti. Kama ni kinyume, usibadilishe alama kwenye msimbo kwanza. Tafuta sababu, la sivyo mwenzako atageuza plagi kesho na makosa mawili yatakuwa matatu.

Magurudumu. Ning'iniza setilaiti kwa uzi, Z wima. Gurudumu la Z likiongeza kasi upande chanya, mwili unazunguka upande hasi. Linganisha na kile karatasi ya hatua ya 1 ilichosema kuhusu maana ya amri.

Mwisho, mnyororo mzima. Washa B-dot, zungusha setilaiti taratibu kwa mkono, rekodi sumaku iliyosomwa na amri za fimbo. Kisha andika programu fupi inayozidisha vekta hizo mbili: dB/dt mara m, jumla ya mihimili yote mitatu. Jibu liwe hasi kila wakati fimbo zinapofanya kazi. Mistari kumi ya Python, na kosa la aina ya TERRIERS halina pa kujificha.

Hatua ya 7: Kizimba cha Helmholtz

Kizimba ni jozi tatu za koili za mraba zinazoizunguka setilaiti na kuunda sumaku yoyote unayotaka katikati. Si kifaa cha kuagiza nje. Fremu za alumini, waya wa shaba na pawa saplai tatu vinapatikana mjini. Kwa koili za mraba, nafasi kati ya koili mbili za jozi ni 0.5445 ya urefu wa upande. Koili za upande wa mita 1.2 zikae sentimita 65 zikiachana. Ili jozi hiyo itoe µT 100 inahitaji mizunguko mara ampea ipatayo 74: mizunguko 30 kwa ampea 2.5 inatosha. Kwetu µT 100 zinatosha kufuta sumaku ya mahali na kuunda ya obiti juu yake. Usisahau saketi ya kugeuza mkondo, kwa sababu pawa saplai ya kawaida inasukuma upande mmoja tu, na chuma kisitumike kabisa, hata kwenye skrubu.

Programu ya kizimba ina kazi tatu. Kwanza kujisawazisha: amuru kila jozi peke yake, soma kipimasumaku cha marejeo kilicho katikati, upate matriksi ya 3 kwa 3 na vekta ya sumaku ya mahali. Koili hazitakuwa za mraba kamili na mihimili haitakatana kwa pembe mraba kamili. Matriksi inameza hayo yote. Pili, pokea kutoka kwenye kiigizi sumaku inayotakiwa, tayari imegeuzwa kwenye fremu ya setilaiti, uizidishe kwa kinyume cha matriksi upate mikondo. Tatu, soma tena na usahihishe, kwa sababu lori likipita nje ya jengo sumaku ya mahali inabadilika.

Hapo setilaiti inakaa imetulia mezani huku kipimasumaku chake kikiamini kinazunguka Dunia. Amri za fimbo zinarudi kwenye kiigizi, kiigizi kinazungusha setilaiti bandia, na kizimba kinabadilika. Fimbo zenyewe zikiwashwa kweli, uchafuzi wa hatua ya 3 unaonekana kwa vifaa halisi.

Hatua ya 8: Beringi ya hewa, kwa tahadhari

Beringi ya hewa hubeba setilaiti juu ya utando wa hewa ili izunguke bila msuguano. Inapendeza kuitazama. Tatizo ni uzito. Kitovu cha uzito cha kilo 4 kikiwa milimita 1 pembeni ya kitovu cha beringi, mvutano unatoa 0.039 N·m, zaidi ya mara 6,000 ya kile fimbo zetu zinaweza. Ili mvutano uwe chini ya nguvu ya fimbo, kitovu kikae ndani ya mikromita 0.15. Joto la mkono wako linatosha kukihamisha.

Kwa hiyo kwa fimbo za sumaku, sahau mihimili mitatu. Tumia mhimili mmoja wa wima, kwa beringi au kwa uzi mwembamba, ambako mvutano hausumbui mzunguko. Kwa magurudumu yenye nguvu ya takriban mN·m 1 kazi inawezekana, kitovu kikisawazishwa ndani ya mikromita 25. Hapo ni kazi ya vizito vidogo vinavyosogezwa na programu. Vyovyote iwavyo, usitumie beringi kuthibitisha usahihi wa mwisho wa kuelekeza kamera. Itumie kuona kwamba kitanzi kinafunga na setilaiti inageuka upande sahihi.

Hatua ya 9: Saa, na majedwali ya vigezo

Saa ni kihisi ambacho hakuna anayekipima. Setilaiti yetu inasafiri kilomita 7.6 kila sekunde. Ukilenga mji fulani kwa kamera huku saa imekosea sekunde 1, unalenga pembeni kwa karibu digrii 0.9. Saa ya GPS iko mbele ya UTC (saa rasmi ya dunia) kwa sekunde 18, na mtu akisahau hilo setilaiti itadhani iko kilomita 137 kutoka ilipo. Weka majaribio ya makusudi: saa iliyorudi nyuma, saa iliyoanza 1970 baada ya kuzimwa, data ya obiti ya wiki mbili zilizopita.

Kuna pia majedwali, yaani namba zinazotumwa kwa redio baada ya kurushwa. Hitomi, setilaiti ya Japani ya kutazama mionzi ya eksirei, ilirushwa Februari 17, 2016 na kupotea Machi 26. Programu yake ilishika kasi ya uongo ya takriban digrii 21.7 kwa saa, ikaanza kupambana na mzunguko ambao haukuwepo, na kwa kufanya hivyo ikauunda. Ilipoingia hali ya usalama, virushio (injini ndogo za kugeuzia) vilifyatua kwa vigezo vilivyotumwa wiki kadhaa kabla, vyenye makosa na visivyohakikiwa ipasavyo. Badala ya kusimamisha mzunguko viliuongeza, hadi paneli zikakatika. Mashirika makubwa, bajeti kubwa, na bado.

Kwa setilaiti ndogo hii ina maana ya utaratibu mmoja. Hakuna jedwali linalopanda juu kabla ya kupita kwenye kiigizi kilekile, na prosesa ileile ya hatua ya 5, kwa jina la faili lilelile. Programu ya kituo cha ardhini ikatae kutuma faili ambalo alama yake ya uhakiki (checksum) haimo kwenye orodha ya yaliyopita. Mtu akiwa na haraka saa nane usiku ataona ni usumbufu. Acha aone.

Meza isibomolewe baada ya kurushwa. Telemetria ya kwanza ikishuka, iingize kwenye grafu ileile ya majaribio ya Monte Carlo: kasi ya kuzunguka dhidi ya muda. Ikiwa mstari wa setilaiti halisi umo ndani ya wingu la mistari mliyoichora, endeleeni na hali inayofuata. Ukiwa nje, msitume amri yoyote ya mwelekeo hadi mpate kigezo ambacho mkikibadilisha kwenye kiigizi kinatoa mstari huohuo. Anzeni kutafuta kwenye sumaku iliyobaki, halafu saa.